Mafuta Yaliyo Kwenye Ardhi Yenye Zuio

Bonasi ya majani chai inapolipwa mwezi wa Oktoba, simu za wakulima wa Othaya, Tetu na Mathira hazipumziki. Huyu anauza ploti Nanyuki, yule anauza sungura wa kufuga kwa mkataba. Siku hizi kuna wa tatu, kijana mwenye ulimi laini anayeuza hisa za kampuni ya mafuta iliyo ng'ambo, na unaweza kuzinunua ukiwa umekaa hapo Karatina, kwa simu. Anakuonyesha ramani yenye duara jekundu na kukuambia kwamba chini ya duara hilo kuna mapipa mamia ya mamilioni.

Mara nyingi hasemi uongo kuhusu mapipa. Wanajiolojia wa kampuni hizi ni watu makini, na kisima kikishachimbwa hakuna siri kubwa inayobaki. Anachokiacha ni mstari mwembamba unaopita kwenye lile duara: mpaka wa nchi mbili, au wa serikali kuu na jimbo lake, au wa kampuni na wafugaji waliokuwa pale kabla ya kampuni kusajiliwa. Katika maeneo ya mgogoro, mafuta ndiyo sehemu yenye shaka ndogo kuliko zote. Anayenunua hisa huko ananunua sahihi ya aliyetoa leseni, na njia ya kufikia bahari. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyopanda na kushuka bei.

Mtu wa Nyeri analielewa jambo hili kupitia ardhi. Shamba laweza kuwa na udongo mwekundu safi na chai inayochumwa kila wiki, lakini kwa msajili wa ardhi limewekewa zuio kwa sababu ndugu wawili wako kortini. Hakuna anayelinunua kwa bei ya shamba safi. Hisa ya kampuni yenye leseni kwenye eneo la mzozo ni shamba la namna hiyo, isipokuwa hapa hakuna ofisi moja ya kwenda kufanya upekuzi wa hati.

Tuanze na kisa cha nyumbani. Tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, aliwatangazia Wakenya kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima cha Ngamia-1. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa Lamu pamoja na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini, wakizindua mradi wa bandari, reli, barabara na bomba unaoitwa LAPSSET. Kampuni iliyochimba ilikuwa Tullow Oil ya Uingereza, ikishirikiana na Africa Oil ya Kanada. Mwaka huo hisa moja ya Tullow iliuzwa London kwa zaidi ya pauni 14.

Kilichofuata Turkana hakikuhusu jiolojia. Oktoba 2013 waandamanaji waliodai kazi na zabuni waliingia kwenye maeneo ya uchimbaji, na Tullow ikasimamisha shughuli kwa muda. Mabishano kuhusu mgao wa mapato yakachukua miaka: wananchi wapate asilimia kumi au tano, kaunti ipate ngapi. Jibu lilikuja kwenye Sheria ya Petroli ya 2019: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya eneo husika. Juni 2018, wiki chache tu baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuyapungia mkono malori ya kwanza ya mafuta ghafi, wakazi waliyazuia barabarani wakilalamikia usalama wao dhidi ya wezi wa mifugo. Malori yakalala kwa wiki kadhaa. Hakuna mchambuzi wa London aliyekuwa ameweka wizi wa ng'ombe kwenye hesabu zake.

Shehena ya kwanza, mapipa 200,000, iliondoka Mombasa Agosti 2019, ikauzwa takriban dola milioni 12. Ilikuwa ya majaribio. Mafuta ya Lokichar, bonde la Turkana yalikopatikana, yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba la kuyapeleka Lamu, zaidi ya kilomita 800, lingehitaji kupashwa joto njia nzima. Bomba hilo halijajengwa mpaka leo.

Hapa kuna hesabu ambayo mwenye akiba anapaswa kuielewa. Taarifa za kampuni hutenganisha akiba iliyothibitishwa, yaani mafuta yanayoweza kutolewa na kuuzwa kwa faida chini ya mipango iliyokwishaidhinishwa, na mafuta yanayosubiri masharti: yamegunduliwa na yamepimwa, lakini hayana idhini, bomba wala fedha. Kwa miaka mingi, karibu mapipa yote ya Lokichar yaliyotajwa magazetini yalikuwa ya kundi la pili. Muuzaji wa simu huyataja yote kwa pumzi moja. Ukisoma taarifa ya kampuni, tafuta kwanza mafuta yamewekwa kundi gani. Yakikaa kwenye kundi la masharti mwaka baada ya mwaka, hujajiunga na uzalishaji. Umejiunga na foleni.

Tarehe 9 Desemba 2019 hisa ya Tullow ilianguka kwa zaidi ya asilimia 70 kwa siku moja. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu, na gawio likasimamishwa. Tuwe waadilifu: chanzo kikubwa kilikuwa uzalishaji uliopungua Ghana pamoja na mzigo wa madeni, si Turkana. Lakini kampuni yenye madeni haiwezi kusubiri, na mradi wa eneo la mzozo hudai subira kuliko kitu kingine chochote. Mei 2023 Africa Oil na TotalEnergies walijiondoa, wakaiachia Tullow vitalu vyote. Mwaka 2025 Tullow nayo iliuza mali zake zote za Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy ya Nairobi, kwa dola zisizopungua milioni 120, zinazolipwa kwa awamu tatu, ya mwisho ikianza mwaka 2028. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu tangazo la Kibaki.

Wengi wa ukanda huu wa Mlima Kenya waliwekeza kwenye mafuta hayo bila kugusa hisa hata moja: walinunua ploti Isiolo. Bomba lingepita hapo, jiji la kitalii lingejengwa Kipsing, uwanja wa ndege ungepanuliwa. Uwanja ulipanuliwa kweli. Lakini ardhi nyingi ya Isiolo ni ya jamii, na mpaka wake na Meru una ubishi wa miaka mingi. Basi mtu alikuwa na zuio la bomba ambalo halijajengwa, juu yake zuio la mpaka wa kaunti. Ukitaka kujua mahakama huangaliaje mambo haya, tazama umeme wa upepo wa Ziwa Turkana kule Marsabit. Oktoba 2021 Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 zilizotengwa kwa mradi huo zilipatikana kinyume cha sheria. Wakati huo mitambo ilikuwa inazunguka na umeme ulikuwa kwenye gridi ya taifa. Si mafuta, lakini mwekezaji ni yule yule, na aliyekaa kwenye ile ardhi ni yule yule.

Baharini mzozo una sura nyingine. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu pembetatu ya Bahari ya Hindi, na tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ikachora mpaka uliokaribia zaidi madai ya Somalia. Kenya ilikataa uamuzi. Ndani ya eneo lililobishaniwa kulikuwa na vitalu ambavyo Kenya iliwapa Eni ya Italia na Total ya Ufaransa mwaka 2012. Wanahisa wa kampuni hizo mbili hawakutikisika, kwa kuwa zina miradi katika nchi kadhaa na vitalu hivyo vilikuwa aya moja kwenye ripoti ya mwaka. Kampuni ndogo yenye leseni mbili, moja ikiwa kwenye mstari wa mpaka, haina aya nyingine ya kujificha. Ukipenda mafuta lakini hupendi kukosa usingizi, ukubwa wa kampuni una maana kuliko ukubwa wa kisima.

Sahihi nayo ina matatizo yake. Mwaka 2006 Tullow na Heritage Oil walitia saini mkataba na Kinshasa kuhusu vitalu vya upande wa Kongo wa Ziwa Albert. Mwaka 2010 Rais Joseph Kabila akavitoa kwa kampuni mbili zilizosajiliwa visiwa vya Virgin vya Uingereza, Caprikat na Foxwhelp. Upande wa Uganda, mwaka huo huo, Heritage iliiuzia Tullow sehemu yake kwa dola bilioni 1.45, Uganda ikadai kodi ya zaidi ya dola milioni 400, na kesi zikafika hadi London. Agosti 2007, mwaka mmoja baada ya mkataba wa Kinshasa, mkandarasi wa Heritage alikuwa ameuawa kwa risasi ziwani, karibu na kisiwa cha Rukwanzi kinachogombaniwa na nchi hizo mbili.

Kisa kinachonifanya mimi binafsi kuogopa hisa hizi, hata zinapokuwa rahisi, ni cha Sudan. Talisman ya Kanada iliingia huko mwaka 1998 kwa kununua robo ya mradi mkubwa wa mafuta kusini, wakati vita vikiendelea. Mafuta yalitoka na faida ikaingia. Hata hivyo soko liliipima hisa yake chini ya kampuni za aina yake, kwa sababu makanisa, wanaharakati na mifuko ya pensheni ya Marekani walitaka iondoke. Mwaka 2003 iliiuzia ONGC Videsh ya India sehemu yake. Lundin ya Sweden nayo ilikuwa na kitalu 5A, ikauza mwaka huo huo. Mwanahisa wa Lundin angeweza kudhani mambo yameisha. Septemba 2023, miaka 20 baadaye, kesi ya wakuu wawili wa zamani wa kampuni hiyo ilianza kusikilizwa mahakamani Stockholm kwa tuhuma za kusaidia uhalifu wa kivita, tuhuma wanazozikana. Biashara ya mafuta ya Lundin ilikuwa imekwishahamia Aker BP ya Norway mwaka 2022. Kampuni iliyobaki ilibadili jina ikawa Orrön Energy, inazalisha umeme wa upepo, na imebeba kesi ya mafuta ya Sudan mgongoni. Ukumbuke pia kwamba Africa Oil, ile ya Turkana, ilitoka katika kundi la kampuni za Lundin.

Njia ya bahari huweza kufungwa hata pale ambapo hakuna anayebishia visima. Januari 2012 Sudan Kusini ilifunga uzalishaji wake wote, mapipa yapatayo 350,000 kwa siku, ikigombana na Khartoum kuhusu ada ya bomba, na mafuta hayakutiririka tena hadi Aprili 2013. Mwaka 2024 bomba kuu liliharibika katikati ya vita vya Sudan na sehemu kubwa ya usafirishaji ikakatika kwa miezi mingi. Kule Kurdistan ya Iraq, uamuzi wa mahakama ya usuluhishi ya Paris ulifunga bomba la kwenda Uturuki Machi 2023, likafunguliwa Septemba 2025. Kampuni zenye visima huko hazikukosa mafuta hata siku moja. Zilikosa mahali pa kuyapeleka, zikawa zinauza kidogo kidogo kwa malori, kwa bei ya chini.

Je, mtu wa Nyeri anazifikiaje hisa hizi? Soko la Hisa la Nairobi halina kampuni ya kutafuta mafuta. Inabidi upitie dalali wa ng'ambo, na hapo ndipo kuna mtego. Baadhi ya programu za simu hazikupi hisa, zinakupa mkataba wa tofauti ya bei: unabahatisha kama bei itapanda au kushuka, tena kwa fedha za kukopeshwa na dalali. Hisa halisi ikifungiwa bomba kwa miaka miwili unaweza kuisubiri. Mkataba wa tofauti ya bei hukutoa nje siku bei inapoyumba, na pesa zako zinabaki kwa dalali. Uliza swali moja la wazi: je, jina langu au la mtunza hisa wangu litaandikwa kwenye daftari la wanahisa? Kisha angalia kama dalali yumo katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Mfuko wako wa pensheni waweza pia kuwa na hisa kama hizi bila wewe kujua, maana sheria inauruhusu kuweka hadi asilimia 15 ng'ambo. Una haki ya kuwauliza wadhamini.

Mimi sisemi usinunue kabisa. Aliye na akiba sacco, hati fungani za serikali na ada ya shule ya mwaka ujao, anaweza kutenga sehemu moja ya ishirini kwa kampuni kubwa inayolipa gawio na yenye visima katika nchi nyingi. Kampuni ndogo ya leseni mbili ningeiacha, hata ikiwa na ramani nzuri namna gani.

Na kuhusu Turkana yenyewe: Gulf Energy, inayomiliki vitalu hivyo sasa, ni kampuni ya watu binafsi ambayo haijaorodheshwa kwenye soko lolote la hisa. Kwa Tullow kilichobaki ni malipo ya awamu na haki chache za mkataba wa mauzo. Kwa hiyo anayekupigia simu leo akisema anakuuzia hisa za mafuta ya Lokichar, anakuuzia kitu ambacho hakipo sokoni. Kata simu.