Pimbi ni jamaa ya tembo, mwulize mwanao!

Ukitembea Hell's Gate kule Naivasha utamwona pimbi akiota jua juu ya mwamba. Kwa umbo utaapa ni sungura aliyepunguzwa masikio. Lakini ukiulizwa jamaa yake wa karibu ni nani, usikimbilie sungura. Ni tembo, pamoja na nguva wa baharini kule Lamu!

Wataalamu wa mifupa na meno walishuku hivyo tangu zamani. Ushahidi mzito zaidi umetoka ndani ya seli.

Mzazi, mwanao wa sekondari akikuuliza ushahidi huo husomwaje, mweleze hivi. Mwalimu anasahihisha insha na kukuta wanafunzi wawili wameandika "Mombosa" katika sentensi ile ile. Hapo hahitaji polisi. Majibu sahihi kila mtu anaweza kuyapata. Kosa linalofanana ndilo linaloshtaki.

DNA nayo hunakiliwa kila seli inapogawanyika, herufi zake nne, A, C, G na T, zikifuatana kwa mamilioni. Mara moja moja kosa hupenya, na likirithiwa, vitukuu na vilembwe hulibeba. Kosa moja laweza kutokea mara mbili kwa bahati tu, ndiyo maana watafiti hulinganisha jeni nyingi.

Protini pia husema. Saitokromu c, inayosaidia seli kupata nguvu kutoka kwa chakula, ina asidi amino 104 kwa binadamu. Ya sokwe mtu ni hiyo hiyo, bila tofauti hata moja. Ya farasi inatofautiana na yetu mahali 12.

Aliyewaduwaza wengi, hata hivyo, ni sengi, kamnyama kenye pua ndefu. Kwa miaka mingi vitabu vilimweka pamoja na kirukanjia, kwa kuwa wote wadogo na hula wadudu. DNA ilipochunguzwa, sengi akapatikana upande wa tembo, na muhanga naye kando yake. Kirukanjia ana undugu wa karibu zaidi na farasi na popo! Mwaka 1998 ukoo huo wa tembo ulipewa jina Afrotheria, kwa sababu ya asili yake ya Afrika.

Sengi mmoja, mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, yumo katika msitu wa Arabuko-Sokoke pwani yetu. Yuko hatarini, kwani miti hukatwa naye hutegwa kwa kitoweo. 

Je, ungependa kulijaribu somo hili nyumbani? Jioni ya leo mpe mtoto mmoja sentensi ndefu ainakili mbiombio. Nakala yake wainakili wawili, na za hao wawili zinakiliwe na wengine wanne. Mkiwa wachache, mtu mmoja anakili mara mbili. Changanya karatasi, kisha mwite aliyekuwa jikoni aseme ipi ilitokana na ipi. Utamwona akianza kutafuta maneno yaliyokosewa.