DAWA ZA MOYO: USIZIACHE, WALA USIZIMEZE KWA KUBAHATISHA



Kuna ugonjwa ambao vijijini watu wengi huujua kwa dalili zake tu. Wengine husema, "Fulani amevimba miguu." Wengine husema, "Ana pumu." Wapo hata wanaosema, "Huyu karogwa." Mgonjwa mwenyewe akipanda kilima kidogo tu anahema. Usiku hawezi kulala chali, anataka mito miwili au mitatu. Ukimbonyeza mguu kwa kidole, panabaki shimo. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi yake sawasawa.

Ugonjwa huu siyo wa wazee peke yao. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 52. Mtu wa umri huo bado analima, na bado ana watoto wanaomtegemea. Karibu nusu ya wagonjwa hao waliharibiwa moyo na shinikizo la damu, yaani presha.

Dawa zipo, na zinaokoa maisha. Lakini dawa hizi zina masharti. Asiyeyajua masharti hayo anaweza kupoteza maisha huku dawa anazo mkononi.

Moyo uliochoka

Moyo ni pampu. Pampu ikichoka, damu haifiki vizuri mwilini, na maji hujaa miguuni na kwenye mapafu. Mwili nao, kwa kutaka kusaidia, unakosea. Unazibana figo zisitoe chumvi na maji. Unaupiga moyo uende mbio zaidi. Ni kama kumchapa ng'ombe wa plau aliyechoka. Atakwenda hatua chache, kisha ataanguka.

Hata wataalamu waliwahi kujaribu kumchapa ng'ombe huyo. Walitumia kidonge cha milrinoni, kinachoulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu. Mwaka 1991 matokeo yalitoka: katika wagonjwa 1,088, waliomeza dawa hiyo walikufa zaidi kuliko waliomeza vidonge vitupu visivyo na dawa. Basi ikaonekana kwamba moyo uliochoka hautaki fimbo. Unataka kupunguziwa mzigo.

Dawa za namna mbili

Namna ya kwanza ni dawa za kukojoza maji, kama furosemidi. Hizi kazi yake unaiona. Unakojoa sana, uvimbe unashuka, pumzi inarudi.

Namna ya pili ni dawa za kuupunguzia moyo mzigo. Nazo ni kama enalaprili, bisoprololi, karvediloli, spironolaktoni, na dapagliflozini, ambayo kwanza ilikuwa dawa ya kisukari. Hizi kazi yake huioni kwa macho. Lakini ndizo zinazorefusha maisha.

Hapa ndipo watu wanapopotea. Mgonjwa anaona uvimbe umekwisha, anasema, "Nimepona." Anaacha dawa zote. Anachukua jembe anakwenda shamba. Baada ya muda anarudishwa hospitali kwa machela.

Je, niliyepona naweza kuacha?

Swali hili lilichunguzwa huko London, Uingereza, na majibu yakatolewa mwaka 2018. Walichukuliwa watu 51. Mioyo yao iliwahi kupanuka na kulegea, kisha ikarudi hali nzuri kwa sababu ya dawa. Walijisikia wazima, na hata vipimo vilisema hivyo. Watu 25 walipunguziwa dawa polepole hadi wakaacha. Watu 26 waliendelea nazo.

Katika miezi 6 tu, watu 11 kati ya wale 25 ugonjwa uliwarudia. Katika wale 26 walioendelea na dawa, haukumrudia hata mmoja.

Tena fikiri jambo hili. Wale walioacha walikuwa wanaangaliwa na madaktari kwa mashine. Je, yule anayeacha dawa kimya kimya nyumbani kwake, nani anamwangalia?

Dawa njema isiyopimwa

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya spironolaktoni kwa wagonjwa 1,663 waliokuwa na hali mbaya. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa vidonge vitupu, 46 walikufa. Katika kila 100 waliopewa dawa, walikufa 35. Madaktari walifurahi, wakaanza kuiandika kwa wingi.

Lakini dawa hii hubakiza mwilini chumvi iitwayo potasiamu. Enalaprili nayo hufanya hivyo. Potasiamu ikizidi katika damu, moyo unaweza kusimama ghafla. Katika ule uchunguzi, wenye figo mbovu hawakuingizwa, na wagonjwa walipimwa damu mara kwa mara. Huko nje mambo hayakuwa hivyo kila mahali.

Wataalamu wa Kanada waliangalia wazee wa jimbo la Ontario wenye ugonjwa wa moyo, waliokuwa pia wanatumia dawa za jamii ya enalaprili. Mwaka 1994, katika kila 1,000, waliolazwa kwa sababu ya potasiamu kuzidi walikuwa kama 2. Mwaka 2001 walifika 11. Vifo navyo viliongezeka.

Dawa ilikuwa ile ile iliyookoa watu. Ilitumika bila uangalifu ule ule.

Kufuatwa kwa karibu

Basi tufanyeje? Tuogope dawa, au tumeze kwa wingi? Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2022 unatupa jibu. Ulifanyika katika nchi 14, zikiwamo Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini. Wagonjwa 1,078 waligawanywa mafungu mawili walipokaribia kutoka hospitali. Fungu moja lilipata huduma ya kawaida. Fungu la pili walipandishiwa dawa hadi kipimo kamili ndani ya wiki 2. Lakini hawakuachwa. Waliitwa kupimwa mwili na damu katika wiki ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6.

Baada ya miezi 6, katika kila 100 wa huduma ya kawaida, 23 walikuwa wamekufa au wamelazwa tena kwa ugonjwa huo. Katika fungu la pili walikuwa 15. Ni kweli, matatizo madogo ya dawa yaliongezeka. Lakini matatizo makubwa hayakuongezeka, maana yaligunduliwa mapema.

Funzo ni hili: usalama wa dawa ya moyo haumo ndani ya kidonge peke yake. Umo katika kurudi kupimwa.

Mambo ya kushika

1. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Usipunguze wala usiongeze mwenyewe. Kama fedha ndiyo tatizo, mwambie daktari wazi. Enalaprili, bisoprololi, furosemidi na spironolaktoni zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

2. Uliza: "Damu yangu itapimwa lini, figo na potasiamu?" Siyo utovu wa adabu kumwuliza daktari.

3. Ukiumwa mgongo au magoti, usikimbilie dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni. Hizo hubakiza chumvi na maji mwilini na kuumiza figo. Mwambie muuza dawa, "Mimi ni mgonjwa wa moyo."

4. Punguza chumvi. Magadi nayo uyahesabu, maana yana sodiamu kama chumvi.

5. Ukiharisha au kutapika sana, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mwili ukikauka maji, dawa hizi zinaweza kudhuru figo.

6. Mama mwenye mimba, au anayetaka kupata mimba, amwambie daktari mapema. Enalaprili humdhuru mtoto tumboni. Mwenye pumu naye aseme, kwa sababu ya bisoprololi na karvediloli.

7. Midomo au ulimi ukivimba, ukizimia, au pumzi ikikata, usingoje kesho.

8. Tumia elimu yako. Weka daftari. Andika jina la dawa, kiasi, saa ya kumeza, na siku ya kurudi. Kama mizani ipo, jipime kila asubuhi kabla ya kula. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 katika siku 3, ni maji yanarudi. Nenda ukaonwe. Kama mizani hakuna, angalia viatu na mkanda. Vikianza kubana, ni dalili hiyo hiyo.

Daftari hilo lichukue kila uendapo kutibiwa. Daktari mgeni akilisoma, atajua aanzie wapi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mgonjwa aliyepata nafuu hatakiwi kuacha dawa?
2. Dawa iliyookoa watu ilileta vipi madhara huko Kanada?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayeweza kumsaidia mgonjwa asiyejua kusoma kuandika daftari lake?