Mkalimani hospitalini si pambo, ni sehemu ya tiba

Kuna kazi moja ambayo hufanywa kila siku katika hospitali zetu za umma, ilhali haimo katika orodha ya mishahara. Kazi hiyo ni ya kumfafanulia mgonjwa maneno ya daktari na kumfafanulia daktari maneno ya mgonjwa. Huifanya mfagizi aliyeitwa ghafla aweke ufagio kando, huifanya bawabu, huifanya mgonjwa wa kitanda cha pili, na aghalabu huifanya mwanafunzi aliyekosa masomo siku hiyo ili amsindikize nyanya yake. Watu hawa hawakufunzwa kazi hiyo, hawakula kiapo cha kutunza siri za wagonjwa, wala hawailipwi hata senti.

Nalitaja jambo hili kwa sababu ya mjadala uliopamba moto ughaibuni. Mnamo Oktoba 2023 aliyekuwa Waziri wa Afya wa Uingereza, Steve Barclay, alizitaka bodi za huduma za afya za umma nchini England zikome kuajiri maafisa ambao kazi yao pekee ni usawa, uanuwai na ujumuishaji. Nchini Marekani, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kufutilia mbali nyadhifa za aina hiyo katika serikali kuu mnamo Januari 2025. Mnamo Machi mwaka huo huo, amri nyingine ilibatilisha ile iliyotolewa na Rais Bill Clinton mwaka 2000, ambayo ilizitaka idara za serikali kuu ziwahudumie ipasavyo watu wasiokijua Kiingereza vyema.

Hoja ya wakosoaji ni nyepesi kueleweka: fedha za hospitali ni za wauguzi na dawa, si za maafisa wenye vyeo vya kupendeza. Hapa kwetu hoja hiyo ina mvuto mkubwa zaidi. Nchi ambayo madaktari wake waligoma kwa takriban miezi miwili mwaka 2024, na ambamo mgonjwa hutumwa akanunue glavu na sindano nje ya hospitali, itawezaje kuzungumzia nyadhifa za ujumuishaji? Swali hilo ni halali na linastahili kujibiwa kwa makini. Nitalijibu kwa kuangalia upande mmoja tu wa ujumuishaji, ule ninaoufahamu kutokana na taaluma yangu, yaani lugha.

Walimu na wanafunzi wa Kiswahili wanaijua vizuri sajili ya hospitali. Katika somo la isimujamii mwanafunzi huorodhesha sifa zake bila taabu: hutumia msamiati maalumu, huchanganya ndimi, hutumia sentensi fupi, husheheni tafsida na maswali mengi. Akizitaja sifa hizo na kuzitolea mifano, hupewa alama zake na kuendelea na swali linalofuata. Ni nadra kumwuliza swali la pili ambalo ndilo zito: sifa hizo humtendea nini mgonjwa?

Chukua neno mshipa. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, mshipa ni njia ya damu. Mshipa pia ni neva. Tena mshipa ni ugonjwa, yaani ngiri au uvimbe wa korodani. Mzee anayemwambia tabibu kwamba anasumbuliwa na mshipa anaweza kuwa na maradhi matatu yasiyohusiana kabisa. Chukua neno chanya. Darasani na sokoni chanya ni kitu chema. Maabarani, matokeo chanya ndiyo habari ambayo hakuna anayetaka kuipokea. Chukua pia saa. Mgonjwa aliyeagizwa ameze dawa saa mbili hujiuliza ikiwa ni saa mbili ya Mswahili, asubuhi jua likishapanda, ama ni ile iliyoandikwa kwa tarakimu kwenye pakiti, ambayo kwetu ni saa nane. Tofauti ya saa sita si ndogo kwa mtu anayetumia dawa za kisukari.

Tafsida nayo ina hatari zake. Mama aliyeharibikiwa na mimba hutafuta lugha ya staha ya kulieleza jambo hilo mbele ya daktari. Sasa mfikirie mama huyo akiwa hajui Kiswahili wala Kiingereza, na mkalimani wake ni mwanawe wa kiume wa miaka 13. Mama hatayatamka yaliyomsibu, na hata akiyatamka, mtoto hatayarudia. Daktari ataambiwa kwamba mama anaumwa na tumbo. Tumbo katika lugha zetu nyingi ni neno pana, nalo litaandikiwa dawa ya kutuliza maumivu. Hapo hakuna aliyesema uongo, lakini mgonjwa ameondoka bila kutibiwa.

Wanaodhani kwamba nazidisha chumvi na wazingatie kisa kilichotokea Florida, Marekani, mwaka 1980. Kijana wa miaka 18, mwenye asili ya Cuba, alifikishwa hospitalini akiwa amezirai. Jamaa zake walitumia neno la Kihispania intoxicado, ambalo kwao lina maana ya mtu aliyedhuriwa na chakula au kinywaji. Waliompokea walilisikia kama neno la Kiingereza linalofanana nalo, lenye maana ya kulewa, wakamtibu kama mtu aliyetumia dawa za kulevya kupita kiasi. Kumbe kijana huyo alikuwa akivuja damu kichwani. Ilipogunduliwa, alikuwa amekwisha kupooza mikono na miguu. Hakuna mkalimani aliyeitwa, kwani kila upande uliamini kwamba umeelewana na mwenzake. Fidia aliyoafikiwa kulipwa ilikadiriwa kufikia takriban dola milioni 71 katika maisha yake yote. Kwa fedha hizo wakalimani wangapi wangeajiriwa, na kwa miaka mingapi?

Nasi tuna mafunzo yetu papa hapa pwani. Katika miaka ya 1990 watafiti waliochunguza malaria ya watoto, Kenya na Tanzania, walikuta kwamba wazazi wengi hawakuliona degedege kuwa dalili ya malaria. Kwao homa ilikuwa ugonjwa mmoja na degedege ugonjwa mwingine, wenye asili yake na waganga wake. Katika sehemu za Kilifi ugonjwa huo huitwa nyuni, yaani ndege, na huhusishwa na nguvu zisizo za kawaida. Mzazi aliyehubiriwa kwamba malaria hutibiwa hospitalini alikubali kabisa, kisha mtoto alipopatwa na degedege akampeleka kwa mganga. Hakuwa mkaidi wala mjinga. Alifuata maana ya maneno kama alivyoyajua. Ujumbe wa afya ulikuwa umetafsiriwa neno kwa neno, na maana ikaachwa nyuma.

Ndiyo maana nasema kwamba ukalimani ni sehemu ya tiba. Daktari hana kipimo kinachotangulia maelezo ya mgonjwa. Maelezo ndiyo humwonyesha apime damu au apige picha ya kifua. Maelezo yakipotoka, vipimo vya gharama kubwa hufanywa mahali pasipostahili, na yule aliyebana matumizi kwa kutomwajiri mkalimani huwa amelipa maradufu.

Sheria zetu hazina kasoro kubwa katika suala hili. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Nayo Sheria ya Afya ya 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake katika lugha anayoielewa, kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Hata hivyo, sheria hiyo imetia maneno mawili madogo: pale inapowezekana. Kupitia maneno hayo wajibu wote huweza kutoroka. Pasipo na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, daima haitawezekana.

Anayeumia zaidi ni kiziwi. Wengi hudhani kwamba Lugha ya Ishara ya Kenya ni Kiswahili au Kiingereza kinachozungumzwa kwa mikono. La hasha! Ni lugha kamili yenye sarufi yake, nayo imefanyiwa utafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mradi wake ulipoanzishwa mwaka 1991. Kiziwi ambaye hakubahatika kusoma hasaidiki kwa kuandikiwa karatasi. Mama kiziwi aliye katika uchungu wa uzazi haoni midomo ya mkunga aliyevaa barakoa, wala hasikii akiambiwa asukume au atulie. Akiletewa fomu ya ridhaa ya upasuaji, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, hutia kidole pale anapoonyeshwa. Je, hiyo ni ridhaa?

Wapo watakaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni kuajiri wenyeji pekee katika kila kaunti, maadamu huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013. Rai hiyo haina mashiko. Kwanza, sheria haiiruhusu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuingilia zipewe watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti husika. Pili, mwenyeji ni nani? Marsabit wamo Waborana, Wagabra, Warendille, Waburji, Wasamburu na Waturkana. Muuguzi wa jamii moja ni mgeni wa lugha mbele ya mgonjwa wa jamii nyingine. Tatu, tunawahitaji wataalamu kutoka kila pembe. Mnamo Juni 2018 tuliwapokea madaktari wapatao 100 kutoka Cuba, katika mpango uliokoma mwaka 2023. Daktari anayefikiri kwa Kihispania, akaandika kwa Kiingereza, na akaketi mbele ya mgonjwa anayejua Kiduruma pekee, anahitaji daraja, na daraja hilo si mfagizi. Uanuwai wa wafanyakazi ni jambo jema. Lakini uanuwai bila ukalimani ni mkusanyiko wa watu wasioelewana.

Kwa hivyo nawajibu wakosoaji hivi. Wana haki ya kuukataa wadhifa usio na kazi. Afisa wa ujumuishaji ambaye kazi yake ni kuandaa warsha hotelini na kubandika mabango ukutani hatufai, na akiondolewa hakuna mgonjwa atakayempeza. Lakini kumwondoa afisa wa namna hiyo ni jambo moja, na kuiondoa kazi ya kuwafikia wagonjwa wote ni jambo jingine. Tusiitupe chooko pamoja na mchanga wake.

Ninapendekeza mambo manne yasiyohitaji mabilioni. Kwanza, kila hospitali ya rufaa ya kaunti iwe na mkalimani mmoja wa Lugha ya Ishara, na afisa mmoja wa huduma za lugha. Pili, kadi ya kila mgonjwa iandikwe lugha anayoielewa vyema, kama inavyoandikwa umri wake. Tatu, kuwe na orodha ya wafanyakazi walio tayari kufasiri, wapewe mafunzo mafupi, wafungwe na kanuni za siri, na walipwe marupurupu yao. Huenda mfagizi yule yule akawa mkalimani hodari. Kinachotakikana ni atambuliwe. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023, nao wamo vijijini na wanazijua lugha za watu wao. Simu moja kwa mmoja wao ingeokoa mengi. Nne, afisa huyo apimwe kwa kazi yake: ni wagonjwa wangapi walifasiriwa, ni fomu ngapi za ridhaa zilizoelezwa kabla ya kutiwa saini, ni malalamiko mangapi yaliyopungua.

Vyuo vikuu navyo haviwezi kukwepa lawama. Idara za isimu huwafundisha vijana fonolojia na sintaksia, na shule za udaktari huwafundisha wenzao anatomia, huku majengo yao yakiwa ndani ya chuo kimoja na wasikutane hata siku moja. Kamusi za maneno ya maradhi katika lugha zetu zinangoja kuandikwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeulizwa kila siku somo lake litampa kazi gani ana jibu hapa, iwapo sisi wakubwa wake tutakubali kwamba kazi hiyo ipo.

Nayo ipo. Kesho asubuhi foleni zitakapopangwa katika zahanati na hospitali zetu, itafanywa tena. Tunachopaswa kuamua ni kama ataifanya mtu aliyefunzwa, au tutamwachia mtoto wa shule aamue mwenyewe ni lipi kati ya maneno ya nyanya yake litamfikia daktari.