Vizuizi vya Saratani Vilivyomo Mwilini

Mara kwa mara huvuma habari ya kuwa dawa ya saratani imepatikana. Nyumba yenye mgonjwa huipokea kwa furaha, na pengine mgonjwa huacha matibabu aliyokwisha kuyaanza ili aingojee dawa mpya. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana, habari moja ya namna hiyo. Ni ya kweli, na ina funzo ndani yake.

Kila sehemu ya mwili hulishwa na damu, na uvimbe wa saratani ni vivyo hivyo. Usipopata mishipa yake wenyewe, hauwezi kukua kupita milimita 1 au 2. Kwa hiyo uvimbe hutoa ishara inayoifanya mishipa ya jirani ichipuze matawi kuuelekea. Matawi yakifika, chakula hufika, na uvimbe hukua.

Mwaka 1971 Dr. Judah Folkman, mpasuaji wa hospitali ya watoto mjini Boston, Marekani, aliandika kwamba mishipa hiyo ikizuiwa isiote, uvimbe utabaki mdogo. Wengi katika wenzake hawakumsadiki, lakini hakuacha kazi yake.

Wapasuaji walikuwa wameona jambo la kushangaza: pengine uvimbe mkubwa ukiondolewa, vidogo vilivyokuwa vimelala mahali pengine hukua upesi. Folkman alidhani kuwa ule mkubwa ulikuwa ukitoa kitu kinachozuia mishipa ya vile vidogo. Msaidizi wake, Dr. Michael O'Reilly, alikusanya mkojo wa panya wenye saratani, akaupambanua, na mwaka 1994 ikatangazwa protini iitwayo anjiostatini. Mwaka 1997 ikafuata endostatini. Ajabu ni kuwa protini hizi asili yake ni mwilini mwenyewe. Anjiostatini ni kipande cha protini ya damu inayohusika na kuyeyusha damu iliyoganda. Endostatini ni kipande cha kolajeni, jamii ya protini zinazoshikamanisha mwili. Panya waliopewa endostatini, uvimbe wao ulinywea.

Mwezi wa Mei 1998 gazeti la New York Times liliiweka habari hii ukurasa wa kwanza. Hisa za kampuni iliyoshughulika na dawa hizo zilipanda kwa ghafula, na wagonjwa wakaanza kuziulizia. Folkman mwenyewe alionya kuwa waliopona ni panya. Majaribio kwa watu yalianza mwaka 1999. Madhara ya endostatini yalikuwa machache, lakini uvimbe wa wagonjwa wengi haukupungua.

Je, kazi ile ilikuwa bure? La. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu bevasizumabu, dawa iliyotengenezwa maabara ili kuizuia ile ishara inayoita mishipa. Wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kuenea, waliopewa dawa hiyo pamoja na dawa nyingine za saratani, waliishi kwa wastani karibu miezi 5 zaidi ya wenzao. Mwaka 2005 China iliruhusu namna ya endostatini kwa saratani ya mapafu. Dawa za kuzuia mishipa hutumika pia kwa maradhi ya macho, pale mishipa inapoota isipotakiwa. Folkman alifariki mwaka 2008, akiwa amekwisha kuyaona matunda ya fikra yake.

Basi, tusikiapo habari ya dawa mpya, yatupasa tuulize: Imejaribiwa kwa panya au kwa watu? Watu wangapi? Waliishi muda gani? Miezi 5 si kupona; lakini kwa mzazi mwenye watoto, si kitu cha kudharauliwa. Wala mgonjwa asiyaache matibabu ya daktari wake kwa ajili ya dawa ambayo haijafika. Nanyi vijana, fahamuni kuwa tangu fikra ya 1971 hata dawa ya 2004 ilipita miaka 33. Elimu huhitaji subira, na nyumba yenye mgonjwa huhitaji habari ya kweli.