UZI: Mgombea akisema "nitashusha nauli", atashusha na mkono gani?

Kila msimu wa midahalo kuna ile dakika ambayo lazima ifike. Mwongozaji anauliza kuhusu gharama ya maisha, mgombea anakohoa kidogo, kisha anasema: "Serikali yangu itashusha nauli." Ukumbi unapiga makofi. Anayefuata anaongeza kadi ya mwezi kwa wanafunzi. Makofi tena. Hakuna anayeuliza nauli inapangwa na nani.

Kama kawaida hapa hatutaji mtu wala chama. Hii ahadi imetolewa na wa huku na wa kule, kwa hivyo usiingie kwa komenti kuniuliza niko upande gani. Niko upande wa abiria.

Mimi ni wa ruti 46, Kawangware hadi tao. Mchana nalipa 30. Asubuhi ni finje. Jioni watu wakitoka kazini inaenda 70, 80. Mvua ikinyesha, soo. Gari ni lile lile, kiti ni kile kile kilichochanika.

Mwaka jana wakati wa mvua ya masika nilikuwa na mtihani saa mbili asubuhi. Kulikuwa kumenyesha usiku wote. Nilikuwa na bob 60 kwa M-Pesa, basi. Makanga akasimama mlangoni: "Leo ni soo, siste. Kama hauna shuka mapema." Nikashuka. Nikatembea. Nilipoingia ukumbini nimelowa hadi kwa soksi, wenzangu walikuwa swali la pili. Nilipita kwa pointi mbili tu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma hii mambo ya nauli kama mtu mwenye kesi.

Kitu cha kwanza nilichotafuta ni mahali serikali imeandika nauli ya matatu. Hakuna.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, pamoja na maegesho na taa za barabarani. Serikali ya kitaifa inabaki na sheria za trafiki na barabara kuu. NTSA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2012, inatoa leseni za magari na kuangalia usalama. Kaunti inatoza ada ya steji. EPRA inatangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi. Hazina ndiyo inayopanga ushuru ulio ndani ya hayo mafuta. Kila mmoja ameshika kipande chake. Nauli yenyewe imeachiwa Sacco, na kusema ukweli imeachiwa yule kijana aliyening'inia mlangoni akiangalia mawingu.

Hatukufika hapa kwa bahati mbaya. Mabasi ya kampuni yalianza Nairobi mwaka 1934, na 1966 baraza la jiji likachukua robo ya hisa za ile kampuni, nayo ikapewa haki ya kubeba abiria wa jiji peke yake. Wakati huo matatu zilikuwa za magendo, zikitoza senti thelathini, yaani mapeni matatu, ndio jina likaja. Mwaka 1973 tamko la rais likaziruhusu zibebe abiria bila kuomba leseni ya usafiri kama mabasi. Serikali ilipata usafiri bila kununua hata tairi moja. Ilichopoteza ni usemi juu ya bei. Ilijaribu tena mwaka 1986 na mabasi yake yenyewe, yale wazazi wetu waliita Nyayo Bus, lakini miaka ya tisini haikuisha yakiwa barabarani.

Sasa tuje kwa nauli inavyozaliwa. Watu wengi hudhani makanga anajiamulia tu. Anaamua, ndio, lakini amebanwa.

Mwenye gari hamlipi dereva mshahara. Anampa gari asubuhi na kumwambia jioni alete kiasi fulani. Hiyo ndiyo target. Ikishalipwa target, mafuta, ada ya steji, vijana wanaojaza gari na kile "kitu kidogo" kinachoachwa njiani, kinachobaki ndio riziki ya dereva na makanga. Kikikosa kubaki, wamefanya kazi ya bure.

Wacha tuweke namba. Hizi ni za mfano, msizibebe kama takwimu. Tuseme gari la watu 33. Target 10,000. Mafuta 7,000. Steji na gharama zingine za njiani 2,000. Dereva na makanga wagawane 3,000. Jumla 22,000 kwa siku. Tuseme tena gari linapiga safari 14, yaani kwenda na kurudi mara saba, na limejaa kila mara. Hao ni abiria 462. Gawanya: kila mtu anafaa kulipa kama shilingi 48. Hiyo ndio finje yangu ya asubuhi.

Hapa ndipo nilipoanguka kwa kiti. Ahadi inayopendwa sana kwenye midahalo ni kukata ushuru wa mafuta. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16, na watu wana haki ya kukasirika. Lakini ukirudisha ile 8, kwenye mafuta yetu ya 7,000 unaokoa kama 480 kwa siku. Gawanya kwa abiria 462.

Shilingi moja.

Ndio. Unaweza kukata ushuru wote ule, utoboe shimo la mabilioni kwa bajeti, na abiria wa 46 apate shilingi moja, kama ataipata. Na hataipata, kwa sababu hatuna hata sarafu ya kurudishiana. Wote tunajua mafuta yakipanda tarehe 14, nauli hupanda tarehe 15 asubuhi. Yakishuka, makanga huwa hajasikia habari.

Sisemi mafuta si kitu. Petroli ilipopita 200 kwa lita Septemba 2023 kila mtu aliisikia, na kwa ruti ndefu kama Rongai au Kitengela mafuta hula sehemu kubwa zaidi ya nauli. Ninasema mtu akikuahidi nauli kwa kutumia ushuru pekee, mwambie akuonyeshe hesabu yake hadi mlangoni mwa matatu.

Turudi kwa gari letu. Mafuta yaache yalivyo. Target iache. Badilisha kitu kimoja tu: jam. Badala ya safari 14, jam imekula nne, zimebaki 10. Abiria sasa ni 330. Zile 22,000 bado zinahitajika. Kila mtu: shilingi 67.

Soma tena hapo. Ushuru ulitingisha nauli kwa bob moja. Jam imeitingisha kwa karibu bob 20.

Na sasa unaelewa mvua. Nairobi ikinyesha magari hayasongi, safari zinapungua, halafu wale ambao hutembea wanataka kupanda siku hiyo hiyo. Magari machache, watu wengi, mahesabu ya jioni yale yale. Makanga anaitisha soo. Mimi bado nina uchungu naye, msinielewe vibaya, kuna ulafi pia hapo na hakuna wa kumuuliza. Ila hata ukimweka malaika mlangoni na ile target, saa kumi na mbili jioni malaika ataitisha themanini.

Sasa kadi ya mwezi. Inapendeza masikioni: unalipa mara moja, unapanda hadi mwezi uishe. Lakini kadi ni ahadi kwamba kuna mtu atamlipa mwenye gari hata kama mimi sijatoa pesa leo. Ruti moja ina Sacco mbili, tatu, na ndani ya Sacco kila gari lina mwenyewe. Nikinunua kadi kwa Sacco ya kwanza, gari la Sacco ya pili linanibeba kwa nini? Bila mfuko mmoja ambao nauli zote zinaingia kabla ya kugawanywa, kadi ni karatasi tu.

Tulishajaribu kuukaribia huo mfuko. Kanuni za magari ya abiria za 2014 zilitaka kila Sacco au kampuni iwe na angalau magari 30, wafanyakazi waajiriwe kwa kufuata sheria za kazi, na nauli ilipwe bila pesa taslimu. Tarehe ya mwisho ilikuwa katikati ya 2014, ikasogezwa, ikasogezwa tena, ikafa. BebaPay, moja ya zile kadi zilizotangazwa sana, ilifungwa 2015. Watu walisema Wakenya hatupendi teknolojia. Sisi, ambao tunanunua nyanya na simu!

Ukweli ni kwamba kadi iliingia juu ya target bila kuigusa. Makanga anahitaji pesa mkononi sasa hivi: ya mafuta, ya steji, ya wale wa njiani ambao hawatoi risiti. Na kadi ingemwonyesha mwenye gari kila shilingi iliyoingia, na hapo target ingepanda. Nani anashika kisu cha kujichinjia? Leo tunalipa kwa simu, ndio, lakini mara nyingi namba ni ya makanga mwenyewe. Pesa taslimu ziliondoka, mpangilio ulibaki.

"Si serikali ipange tu nauli kama Tanzania?" Hili swali huja kila mara kwa DM. Ni kweli, kule LATRA hutangaza nauli za daladala. Desemba 2023 ile ya ruti zisizozidi kilomita 10 ilitoka shilingi zao 500 hadi 600. Abiria anajua bei kabla hajatoka nyumbani, na hiyo peke yake ni heshima kubwa. Mimi ningeikubali leo jioni.

Lakini uliza mwanafunzi wa Dar. Nauli yake imewekwa chini kabisa, 200, na hakuna anayemlipia konda ile tofauti. Kwa hivyo konda anamwona na sare, anaziba mlango. Mtoto anabaki kituoni na haki yake mkononi. Mgombea anayetuahidi nauli nusu kwa wanafunzi bila kusema nani atafidia hiyo nusu nyingine anatuahidi kile kituo. Na mimi hicho kituo nakijua.

Dar pia wana mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 kwa nauli ya 650. Yana shida zake, ukiwauliza watasema kuhusu foleni na mabasi machache. Ila njia yao imetengwa, basi halilali kwenye jam. Sisi tuliunda NaMATA mwaka 2017, tukazipa njia majina mazuri ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Thika Road ikachorwa mistari myekundu, tukacheka wiki nzima kwa meme, na magari yote yakaendelea kupita juu ya mistari. Rangi si njia. Njia ni kumwambia mwenye gari dogo, ambaye ndiye anajua kupiga simu kwa wakubwa, kwamba hapa hapiti. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na katika midahalo yote niliyotazama sijawahi kuisikia ikitamkwa.

Kuna na sehemu ya pili ambayo ni ngumu zaidi: kuondoa target. Pale ambapo mwendeshaji analipwa kwa kilomita alizokwenda na dereva ana mshahara, nauli inaweza kuwa moja, mvua au jua, na kadi inaweza kufanya kazi. Lakini jioni ya siku mbovu kuna mtu lazima aongeze ile pesa iliyopungua. Ni kaunti? Ni Hazina? Kaunti ina jukumu kwa Katiba, Hazina ina pesa, na kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole. Wale wenye magari nao, wengine wao ni walimu na polisi waliokopa benki, watataka kujua mkopo utalipwa na nini.

Kwa hivyo mdahalo ukifika na wakaweka namba ya kutuma maswali, mimi nitatuma haya, nakili kama unataka:

Barabara gani ya jiji utatenga njia ya mabasi, na utayafukuza vipi magari madogo? Makanga na dereva watalipwa na nani siku ambayo nauli haijatosha? Na hiyo fidia itatoka kaunti au taifa, shilingi ngapi kwa mwaka?

Akijibu "tutapunguza ushuru wa mafuta", mjibu: hiyo ni bob moja, mheshimiwa, endelea.

Mamangu husafisha ofisi Upper Hill. Nauli ikipita finje huwa hapandi, anashuka na miguu kupitia Yaya akiwa na viatu vya kazi kwa mfuko wa plastiki. Leo asubuhi kumenyesha. Ameondoka saa kumi na moja.

Uzi ujao: ada ya maegesho tao, na kwa nini kila gavana anayeingia huigusa kwanza.