Chumvi ya manjano inayopima maji ya chumvi

Anayechimba kisima Kabati, Kitui, huomba mawili: maji yapatikane, na yasiwe ya chumvi. Sisi wa pwani dua hiyo twaijua. Mimi ningemshauri apime kabla ya kununua pampu.

Maabara hutia matone ya kromati ya potasiamu, chumvi ya manjano, kwenye maji, kisha nitrati ya fedha kidogo kidogo. Kloridi hushikwa kwanza, ikawa unga mweupe. Ikiisha tu, rangi hugeuka nyekundu ya udongo. Hapo hesabu husomwa. Ikizidi miligramu 250 kwa lita, ulimi huanza kuihisi.

Lakini kromati yenyewe ni sumu, na huleta saratani. Mabaki yawekwe kwenye chombo maalumu; yakimwagwa uani, huzama hadi kwenye maji yale yale yanayopimwa.