Mkia wa Perege wa Wami

Nilikwenda Morogoro kuuliza bei ya vifaranga vya samaki. Nilirudi na mkia mmoja kichwani, na haujanitoka hadi leo.

Mzee niliyemkuta bwawani, aliyetotolesha vifaranga kwa miaka mingi, alizamisha mkono kwenye beseni akatoa samaki wa ukubwa wa kiganja. Akamkunjua mkia kama upepeo, akauelekeza juani.

"Hesabu mistari, mwanangu."

Ilikuwa ya wima, myembamba, imejipanga kutoka mwilini hadi ukingoni kama ukili wa mkeka. "Huyu sato." Akamrudisha majini, akashika wa pili. Huyo mkia wake haukuwa na mistari ile, ni ukungu wa kijivu tu. "Perege wa kwetu." Wa tatu alikaa naye mkononi muda mrefu zaidi. Mistari ilianza vizuri, katikati ikakatika, ikawa vidoadoa, kisha ikapotea. Nikasubiri jina.

"Huyu hana jina, mwanangu. Wamechanganyika."

Sato ni mgeni katika mto Wami. Aliletwa mabwawani kwa sababu hukua haraka, na mafuriko hayaheshimu kingo za bwawa. Akifika mtoni huzaana na perege. Punda akizaa na farasi, mtoto hazai na habari inaishia hapo. Samaki hawa chotara huendelea kuzaa, na kila kizazi damu ya perege huzidi kuyeyuka. Baada ya vizazi kadhaa hata mkia hausemi kweli. Hapo ni kipimo cha DNA tu.

Kinachoniuma ni kwamba perege huyu wa Wami ana historia kubwa. Kutoka bara alipelekwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar akafika Malaya, Malaysia ya leo. Huko Malacca, mwaka 1960, mtafiti C. F. Hickling alitangaza kwamba dume lake likipandishwa kwa jike la perege wa Msumbiji, watoto wote huwa madume. Kwa mfugaji hiyo ni bahati, kwani madume hukua upesi na bwawa halijai vifaranga. Perege huyu pia huvumilia maji ya chumvi. Dunia imemtumia, nyumbani tunamwacha apotee.

Mzee ana hofu nyingine. Watotoleshaji wengi hubaki na wazazi wachache wa bwawa moja, mwaka hadi mwaka, kaka na dada wakizaana. Vifaranga hudumaa, na mnunuzi hulaumu chakula. Yeye hubadilishana madume na wafugaji wa mbali. Lakini akanitazama akauliza: siku damu ya sato hawa ikichoka, tutakwenda kutafuta damu mpya mto gani?

Sikuwa na jibu. Nami nikamuuliza ni nani hukagua vifaranga kabla ya kumwagwa kwenye malambo ya vijiji. Alisema kwa miaka yake yote, hakuna mnunuzi aliyewahi kumwomba amkunjulie mkia.

Wewe unayechimba bwawa bonde la Wami, muulize muuzaji wazazi wa vifaranga walitoka wapi. Funga wavu mahali maji yanapotoka bwawani. Na samaki wakikuzidi, wale, wauze, wagawie majirani, usiwamwage mtoni.